Taa za Kazi katika Karakana ya Nyumbani

Katika mitaa yetu ya pwani, kuanzia Majengo na Kisauni hadi Malindi na Lamu, si nadra kukuta riziki ya nyumba nzima imetandazwa juu ya meza moja. Kaka hufungua simu na redio barazani. Kijana wa nyumba ya pili ameugeuza ua kuwa karakana ya pikipiki. Shangazi ana cherehani yake chumbani, na pembeni ameiweka kofia ya vito ambayo huishona kidogo kidogo kila apatapo nafasi. Kazi zote hizi hutegemea nuru, na aghalabu hufanywa wakati nuru ya Mungu imekwisha kuondoka, kwani wateja wengi huja jioni watokapo makazini mwao, na katika mwezi wa Ramadhani washonaji huanza kazi baada ya tarawehe na kuendelea hadi wakati wa daku ili nguo za Idi zisichelewe.

Hapo ndipo taa inaponunuliwa, na mara nyingi hununuliwa kwa haraka: ile iliyo kali zaidi kwa bei iliyo ndogo zaidi. Tumeona tulizungumze jambo hili wiki hii kwa sababu karakana ya nyumbani si kama karakana ya mjini. Ya mjini hufungwa kwa kufuli jioni. Ya nyumbani mlango wake huenda ukawa pazia tu, na nyuma ya pazia mna mtoto atambaaye, mna godoro, mna kanzu zilizoanikwa, na katika baadhi ya nyumba mna paa la makuti. Taa isiyofaa humdhuru fundi, kisha ikawafuata waliolala.

Tuanze na ile ambayo tungependa itoke majumbani kabisa, nayo ni taa ya halojeni. Wengi wataitambua: sanduku la bati lenye kioo mbele, ndani yake kijiti chembamba cha kioo, na chini miguu ya chuma au kishikio. Zilikuwa zikipendwa sana na wachomeleaji na mafundi wa magari, na hata leo huuzwa kwa mkono wa pili kwa bei ya kutamanisha. Nyingi ni za wati 500, na sehemu kubwa ya umeme huo hugeuka joto badala ya nuru. Kile kijiti cha ndani hufikia mamia ya nyuzi za joto, na kioo cha mbele chaweza kuunguza mkono au kuwasha kitambaa kilichokiangukia. Taa hiyo iegemee pazia, au ipinduliwe na paka juu ya pamba za kujazia mito, na moto utaanza kabla ya mtu kunusa moshi. Chumba cha futi kumi kwa kumi chini ya mabati, na taa kama hiyo ndani yake wakati wa kaskazi, hakikaliki.

Hata kwa hesabu ya fedha haina hoja. Taa ya wati 500 ikiwaka saa nne kila usiku hula yuniti 2 za umeme, yaani yuniti 60 kwa mwezi wa siku 30. Taa ya LED ya wati 50, ambayo yatosha kuangaza karakana ya chumba kimoja, hula yuniti 6 katika muda huo huo. Mwenye kununua tokeni anajua tofauti hiyo ina maana gani jikoni mwake.

Tukitaja moto hatuna budi kuutaja ua wa fundi wa pikipiki, kwa sababu huko hatari ni ya namna nyingine. Petroli yenyewe haiwaki. Kiwakacho ni mvuke wake, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu ukapotea, bali hutambaa sakafuni, ukaingia shimoni na chini ya meza, ukavuka kizingiti mpaka jikoni kuliko na jiko la mkaa. Balbu ya kawaida ya waya ikianguka na kupasuka, ule uzi wake wenye moto hutosha kuuwasha. Cheche ndogo ya swichi nayo hutosha. Kwa hiyo tunasema bila kigugumizi: tangi la petroli na kabureta vifunguliwe nje, penye upepo, mchana, mbali na mlango wa nyumba. Kama dharura imetokea usiku, taa iwe ya LED ya betri iliyofungika vyema, iwashwe kabla ya kifuniko kufunguliwa na izimwe baada ya kufungwa, ili swichi isiguswe kamwe penye mvuke. Hata hivyo taa hiyo haikuumbwa kwa kazi ya petroli. Zile zilizoumbwa kwa kazi hiyo huwa na alama ya Ex ndani ya umbo la pembe sita, nazo ni ghali, za viwandani. Heri mteja asubiri asubuhi.

Mafundi wa friji nao wajihadhari. Friji nyingi mpya za nyumbani hutumia gesi iandikwayo R600a, na gesi hiyo huwaka. Kibandiko kilicho nyuma ya friji hulisema hilo waziwazi kwa mwenye kukisoma, na kukisoma kwahitaji nuru.

Sasa tuje kwenye umeme wenyewe. Umeme wa Kenya ni wa volti 240, na volti hizo zaweza kuua. Mji wa Mombasa una uzoefu mrefu nao: kampuni ya kwanza ya umeme ya mji huu iliundwa mwaka 1908, na mwaka 1922 ikaunganishwa na ile ya Nairobi. Baadhi ya nyumba za Mji wa Kale zilivutiwa waya enzi za babu, na waya huo haujabadilishwa mpaka sasa. Kabla ya kununua taa yoyote ya kuchomekwa, mwenye nyumba aulize kwanza kama soketi za chumba kile zina waya wa ardhini ulio mzima. Taa yenye mwili wa chuma bila waya wa ardhini ni mtego, kwa sababu waya ukichubuka ndani, chuma chote huwa umeme, na fundi huishika kwa mkono uliolowa jasho akiwa amesimama peku juu ya sakafu ya saruji.

Zipo taa ambazo hazihitaji waya wa ardhini. Hizo mwili wake ni wa plastiki ngumu na zimehamiwa mara mbili, na alama yake ni mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Tungeichagua hiyo kwa taa yoyote ya kubebwa mkononi. Juu ya hayo, karakana ya nyumbani yafaa iwe na kile kifaa ambacho mafundi hukiita RCD, kinachokata umeme mara tu unapovuja. Cha kawaida hukata uvujaji ufikapo miliampia 30, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde, kabla moyo haujadhurika. Fyuzi iliyomo ndani ya plagi haifanyi kazi hiyo. Fyuzi hulinda waya usiungue; haimlindi binadamu, kwani umeme unaoweza kumuua mtu ni mdogo mno kuiyeyusha. Wengi huchanganya mambo haya mawili, na baadhi hata fyuzi yenyewe wameiondoa wakaweka kipande cha waya au karatasi ya sigara. Plagi ya namna hiyo isikae ndani ya nyumba hata usiku mmoja.

Ekstensheni nazo zina adabu yake. Ile ya kuviringishwa kwenye gurudumu ikitumika ikiwa imeviringwa, waya hupata joto ndani kwa ndani hadi ngozi yake ikalainika. Ifunguliwe yote hata kama kinachohitajika ni hatua tatu tu. Isipite chini ya mkeka wala chini ya mlango. Na kwetu pwani kuna chumvi. Hewa ya bahari hula shaba na chuma, na soketi iliyo barazani hufanya kutu ya kijani ndani yake ambayo haionekani kwa nje. Dalili yake ni plagi kupata moto au taa kupepesa ikiguswa. Taa itakayokaa uani au barazani iwe na maandishi ya IP44 angalau, maana yake imestahimili maji ya kurushiwa. Penye mvua ya pembeni wakati wa masika, IP65 ni bora. Iliyoandikwa IP20 ni ya ndani tu.

Kina mama watuwie radhi kwa urefu wa maneno ya waya. Sasa tuingie katika nuru.

Kwenye maboksi ya taa wati huandikwa kwa herufi kubwa, lakini wati hueleza umeme unaoliwa tu. Nuru hupimwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni kama 700 au 800, na LED ya wati 8 au 9 hutoa kiasi hicho hicho. Kwa chumba cha mita tatu kwa nne, chenye kazi za kawaida za kufungua na kufunga, jumla ya lumeni 5,000 kutoka darini ni kipimo kizuri, na ni bora zigawanywe katika taa mbili zilizo mbalimbali kuliko taa moja ya katikati. Taa moja humfanya fundi afanye kazi ndani ya kivuli chake mwenyewe. Mtu akiinamia jiliwa na taa iko nyuma ya kichwa chake, kile anachokikata ndicho kilichomo gizani.

Kabla ya hata hiyo taa ya pili, kuna jambo la bei ndogo zaidi ambalo wazee wetu walilijua bila kuhesabu lumeni, nalo ni chokaa. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya nuru chumbani, ilhali ukuta uliofuka moshi na boriti nyeusi huimeza. Tumeona karakana ambazo mwenyewe alilalamikia taa, kumbe kilichohitajika ni ndoo ya chokaa na siku moja ya kazi.

Kwa kazi ndogondogo taa ya darini haitoshi hata iwe kali vipi. Fundi wa simu, fundi wa saa, mshonaji wa kofia na mtia darizi huhitaji taa ya meza yenye shingo ya kukunjika, kwa sababu nuru huzidi sana kadiri taa inavyosogea. Ukiipunguza nusu ya umbali, nuru inayofika mezani huwa takriban mara nne. Taa ndogo iliyo karibu yaweza kuishinda kubwa iliyo mbali. Atumiaye mkono wa kulia aiweke kushotoni, na wa kushoto kinyume chake, ili kivuli cha mkono kisiangukie ncha ya sindano. Kifuniko cha taa kiwe chini ya usawa wa jicho, au kiifiche balbu kabisa. Nuru ikiingia jichoni moja kwa moja humtia fundi upofu wa muda, kisha akalaumu miwani.

Tumtaje hapa bibi anayeshona kofia za vito. Ni kazi ya uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, matundu madogo kwa mamia, na wengi wanaoijua vyema wamekwisha kupindukia miaka hamsini. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea nuru kidogo sana kuliko jicho la kijana wa miaka 20, hata wakiwa chumba kimoja chini ya taa moja. Mjukuu akisema nuru yatosha, anasema kweli, kwa macho yake. Bibi anunuliwe taa yake.

Kisha kuna rangi. Boksini huandikwa namba kama 2700, 4000 au 6500 ikifuatiwa na herufi K. Ndogo ni nuru ya manjano kama ya kandili. Kubwa ni nyeupe inayokaribia samawati. Kwa karakana 4000 au 5000 hupumzisha jicho na huonyesha vizuri. Lakini kuna namba nyingine isiyotazamwa, nayo huandikwa Ra au CRI, na kiwango chake cha juu ni 100. Hiyo ndiyo inayoeleza kama taa huonyesha rangi kama zilivyo. Chini ya 80, uzi mweusi na wa buluu ya usiku hufanana, na buibui lililorekebishwa usiku hurudishwa asubuhi na mteja aliyekasirika. Mshonaji atafute 90.

Kwa fundi wa umeme jambo hili si la urembo. Waya wa kahawia ndio wenye umeme, wa buluu ndio wa kurudi, na wa kijani chenye milia ya manjano ni wa ardhini. Katika nyumba za zamani mwekundu ndio wenye umeme na mweusi ndio wa kurudi. Nyaya za zamani na mpya zikikutana ndani ya kisanduku kimoja, fundi asiyeona vyema aweza kuudhania wa buluu kuwa ni mweusi na asidhurike, lakini aweza pia kuudhania mweusi kuwa ni wa kurudi ilhali mtu mwingine kabla yake aliugeuza kuwa wa umeme. Nuru nzuri humfanya atazame mara ya pili, na kipimio humthibitishia.

Jambo jingine ni kupepesa. Taa za zamani za tyubu, zile zenye choki nzito, hupepesa mara 100 kwa sekunde, na LED za bei ya chini hufanya vivyo hivyo. Jicho halioni, ila kichwa huuma. Hatari yenyewe iko kwa mwenye mashine ya kuzunguka: kasi ya gurudumu ikilingana na kupepesa kwa taa, gurudumu laweza kuonekana limesimama ilhali linazunguka, na mtu akalipelekea kidole. Dukani, iwashwe taa kisha itazamwe kwa kamera ya simu kwa karibu. Ikiwa mistari myeusi yapita juu ya picha, taa hiyo yapepesa. Muuzaji mwema hatakataa jaribio hilo.

Na kama karakana ina grenda au drili, taa isiwe kwenye swichi moja na mashine hizo ndani ya sanduku la umeme. Mashine ikizidiwa na swichi ikakata, taa huzimika pamoja nayo, na fundi huachwa gizani na gurudumu ambalo bado linazunguka mkononi. Kwa utaratibu huo wa waya aitwe fundi mwenye leseni ya EPRA. Taa ya betri ikae ukutani, mahali ambapo mkono huifikia bila kutafuta.

Taa hizo za betri zimekuwa nyingi sokoni, nazo zafaa: hazina waya wa kukwaza watoto, zina sumaku ya kunata kwenye pikipiki, na umeme ukikatika kazi haisimami. Tahadhari ni kwenye maandishi. Betri ya mviringo iitwayo 18650, yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65, kwa kawaida haizidi miliampia-saa 3,600 au karibu na hapo. Iliyoandikwa 9,900 imeandikwa uongo, na aliyedanganya juu ya kiasi huenda amedanganya pia juu ya usalama. Pakitafutwa alama ya KEBS kwenye boksi na isionekane, tungeiacha dukani. Betri iliyovimba au kuanguka vibaya isichajiwe tena.

Wala isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala, juu ya godoro au karibu na vitambaa. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwafunza umma wake kuzima taa wakati wa kulala, akataja kwamba panya huweza kuuburuta utambi akaiunguza nyumba na watu wake. Utambi umeondoka katika nyumba nyingi. Chaja imekuja mahali pake, nayo haihitaji panya.

Kuna pia suala la sitara, ambalo vitabu vya taa havilitaji. Mshonaji anayekaa karibu na dirisha usiku, chini ya taa kali, huonekana vyema kabisa na apitaye kichochoroni, naye hamwoni mtu. Pazia jepesi linalositiri mchana halisitiri usiku, nuru ikiwa ndani. Meza igeuzwe ili dirisha liwe ubavuni, au pazia liwe zito, mbali na taa. Na taa ya uani isielekezwe darini kwa jirani; vichochoro vyetu ni vyembamba, na nuru ya wati 50 inayoingia chumba cha mtu saa tano za usiku imekwisha kuvunja ujirani wa miaka mingi. Ielekezwe chini, ikingwe kwa kibati.

Aliye na fedha kidogo na angependa kujua aanzie wapi, rai yetu ni hii: chokaa, RCD, kisha taa mbili za dari. Taa ya meza ifuate, na ya betri mwisho. Wengine wangeiweka taa ya meza mbele ya RCD kwa sababu huleta kipato upesi. Hatukubaliani nao, maadamu ndani ya nyumba mna watoto.

RCD ikishafungwa, ina kitufe kidogo kilichoandikwa T au TEST. Kibonyezwe mara moja kila mwezi. Walio wasahaulifu wakifanye siku mwezi unapoandama. Umeme wapasa kukatika papo hapo. Usipokatika, kifaa kimekufa ingawa taa zote zawaka, na kazi isimame mpaka fundi aje akibadilishe.